Mjakazi wa Gileadi na Mke wa Kambini



Wako miongoni mwenu waliokwisha kusoma La Servante écarlate, riwaya ya Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada, na wako wengi zaidi walioitazama katika filamu za mfululizo. Majibu ninayoyasikia kwao ni ya namna mbili. Wasichana husema: inatisha. Wavulana husema: inatisha, lakini ni ndoto ya Wazungu, haituhusu. Nataka kushughulika na jibu hilo la pili, kwa kuwa ni jibu la mtu ambaye hakusimuliwa historia ya mji wake.

Kwa ambao hawajakisoma kitabu, mambo ni haya. Katika nchi iliyokuwa Marekani, kundi la wanaume wenye silaha limeangusha serikali na kusimamisha utawala mpya uitwao Gileadi, jina walilolichukua katika Maandiko. Watoto wamekuwa haba. Basi wanawake wachache ambao bado wanaweza kuzaa hugawiwa kwa wakubwa wa nchi. Huvikwa nguo nyekundu, huzaa, na mtoto huhesabiwa kuwa wa mke halali wa mkubwa. Mwanamke anayetusimulia haitwi kwa jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Defred, yaani wa Fred, na siku akihamishiwa nyumba nyingine jina hilo litabaki pale likimngoja mwanamke atakayefuata. Yeye na wenzake wamekatazwa kusoma. Wakitumwa dukani hupewa vipande vyenye picha za vitu, visivyo na neno hata moja.

Jambo linalopaswa kutuuma sisi tunaosali ni kwamba yote hayo hufanywa kwa jina la Mungu. Wakubwa wa Gileadi hutegemea kitabu cha Mwanzo, sura ya 30, mahali ambapo Raheli asiyezaa anampa Yakobo mjakazi wake Bilha. Kabla ya tendo, mkubwa hufungua sanduku kwa ufunguo wake, hutoa Biblia, huwasomea watu wa nyumba habari ile, kisha huifungia tena. Na katika kituo ambamo wajakazi hufundishwa utii, husikilizishwa Heri za Mlimani zikiwa zimeharibiwa kwa ujanja: imeongezwa heri moja inayowasifu wanyamazao. Msimulizi anatambua kwamba imebuniwa, ila hana Biblia ya kuhakikisha. Wanaosema kwamba kitabu hiki kinaishambulia imani hawakuusoma ukurasa ule kwa makini. Unaonyesha kinachotokea Neno linapowekwa sandukuni na ufunguo ukawa mfukoni mwa mtu mmoja. Tena katika nchi ile mapadre hunyongwa na kutundikwa ukutani, na masista hulazimishwa kuziacha nadhiri zao.

Kuhusu masista, Mkongo hahitaji riwaya. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta aliuawa na Kanali Olombe kwa sababu alikataa kuchukuliwa kama mali ya askari. Alikuwa na miaka 24. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, mwaka uleule ambao riwaya ya Atwood ilitoka. Kule Gileadi hakuna aliyeruhusiwa kusema hapana na neno lake likaandikwa. La Anuarite liliandikwa, na twalisoma kila mwaka.

Atwood mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba alipokuwa akiandika alijiwekea sheria moja: asitie kitabuni jambo lolote ambalo wanadamu hawajalifanya mahali fulani, wakati fulani. Na kweli, mifano haikosekani. Huko Romania, mwaka 1966, serikali ilitoa amri ili kuongeza idadi ya raia, na miili ya wanawake ikapekuliwa na waganga hata viwandani. Huko Argentina, chini ya majenerali, watoto wa wanawake waliouawa walipewa familia za maaskari. Huko Marekani, majimbo kadhaa yalikataza kwa sheria kumfundisha mtumwa kusoma. Angetaka, mwandishi angeweza kuja hata kwetu. Katika Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, kwenye misitu ya Ekweta, wanawake walikamatwa na kufungiwa katika nyumba za mateka hadi waume zao walete kikapu cha mpira kilichojaa. Kosa lao lilikuwa kuwa wake wa fulani.

Hayo ni mambo ya bunduki na kamba, na yeyote anayatambua kuwa uovu. Katanga yetu iliendeshwa kwa njia ya upole zaidi, ndiyo maana ni vigumu zaidi kuiona.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, na mwaka huohuo ikaanzishwa Bourse du Travail, ofisi ya kutafuta wanaume wa kazi. Wanaume hao waliletwa kutoka mbali kwa mikataba ya miezi michache, wakalazwa wengi pamoja katika kambi, bila wake. Walikufa kwa wingi, kwa nimonia, kwa kuhara, kwa ajali. Waliosalia walirudi kwao, na kampuni ikalazimika kuanza upya kutafuta na kufundisha wengine. Ilikuwa hasara. Kwa hiyo, kuelekea mwaka 1928, kampuni iligeuza siasa yake: mfanyakazi akae miaka, na ili akae, awe na mke. Kampuni ilikubali kumkopesha fedha za mahari, ikazikata polepole katika mshahara. Ikajenga nyumba za familia. Ikatoa posho ya mume, posho ya mke, posho ya kila mtoto.

Aliyesimamia kazi hiyo kwa miaka mingi alikuwa mganga, daktari Léopold Mottoulle, na mwaka 1946 alichapisha kitabu cha kueleza matokeo ya miaka ishirini ya siasa hiyo ya jamii. Hakuwa mtu katili. Alitaka watu wasife, na vifo vilipungua kweli. Lakini mtazame mwanamke katika hesabu hizo ameingia kwa mlango gani. Ameingia kama dawa ya kumtuliza mwanamume, na kama tumbo litakalozaa wafanyakazi wa kesho ambao kampuni haitahitaji kuwatafuta mbali. Kulikuwa na nyumba za kujifungulia, na kulikuwa na mizani ya kupimia watoto wachanga. Mama aliyefika penye mizani alipata nyongeza ya chakula. Desturi ya nkambo zetu ya kunyonyesha miaka miwili au mitatu, na mume akae mbali wakati huo, ilionekana kuwa kizuizi kwa uzazi, ikapigwa vita kwa mashauri na kwa zawadi. Nani alimwuliza mama mwenyewe anataka watoto wangapi, na kwa muda gani?

Hapa sharti tuseme ukweli kuhusu nyumba yetu wenyewe. Shule za kambi zilikabidhiwa wamisioni, na kwetu Elisabethville ni Wabenediktini wa Askofu Jean-Félix de Hemptinne waliokuwa mbele. Wasichana na akina mama walifundishwa kushona, kupiga pasi, kutunza nyumba, kuwa wake wema wa wafanyakazi wema. Mafundisho hayo hayakuwa mabaya kwa yenyewe. Mama wengi waliishi kwa sindano ile baadaye. Lakini wavulana walipofunguliwa njia ya ukarani na ufundi, dada zao walifundishwa kwa kipimo kingine, na Kifaransa, lugha ya karatasi zote, kilibaki mbali nao kwa muda mrefu. Biblia haikufungiwa sandukuni. Lakini asiyefundishwa kusoma anahitaji sanduku la nini?

Sisemi kwamba kambi ya Lubumbashi ilikuwa Gileadi. Hakuna aliyeburutwa usiku na kuvikwa nguo nyekundu, na wazee wetu wengi wanaikumbuka kambi kwa upendo: maji safi, hospitali, shule, unga usiokosekana. Walikuwa wakisema kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Tuupokee ushuhuda huo kwa heshima. Lakini tuone pia kwamba posho ya mke ilipitia kwa namba ya mumewe, na mume akifa au akifukuzwa, nyumba ya kambi haikuwa tena ya mjane. Jina lake lilikuwa limeegemezwa pale, kama la Defred.

Na nje ya kambi? Katika mitaa ya wenyeji, ambayo tangu decree ya mwaka 1931 iliitwa centre extra-coutumier, serikali ya kikoloni ilibuni kundi la ajabu: wanawake wanaohesabiwa kuwa wanaishi peke yao. Aliyekuwa mtu mzima mjini bila mume wa karatasi, awe mjane, aliyeachwa, au mchuuzi wa pombe na samaki, aliweza kuandikwa humo na kutozwa kodi. Mke wa mtu hakutozwa. Fikirini maana yake. Mwanamke asiyekuwa chini ya mwanamume alilipia hali hiyo kwa fedha, na kila aliyeshika risiti alijua majirani wanaisomaje: kwamba anauza mwili wake. Kisha ikaja decree ya mwaka 1950 dhidi ya ndoa za mitala, ambayo wamisioni waliiunga mkono. Nia yake ilikuwa kulinda ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, nasi twaamini ndoa hiyo. Lakini mke wa pili, ambaye sheria sasa ilikataa kumtambua mjini, naye angeangukia kundi lilelile la wanawake wa peke yao.

Mahali ambapo kodi hiyo ilipigiwa kelele kubwa ni Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mji uliokuwa chini ya Wabelgiji kama sisi. Katika miaka ya 1950, wanawake Waislamu wa mtaa wa Waswahili, Buyenzi, wengi wao wajane na walioachwa, walikataa pamoja kulipa. Hoja yao haikuwa umaskini. Walisema kodi ile inawaita malaya, na wao ni watu wa heshima na wa dini. Mimi huwaza kwamba walielewa jambo ambalo wakubwa wao hawakulielewa: ukimpachika mtu jina, umekwisha kumhukumu. Nao hawakuwa wa imani yetu; lakini katika jambo lile wao ndio waliokuwa wakiutetea utu wa mwanamke, wakati maandishi ya waliobatizwa yalikuwa yakiuchafua.

Katanga nayo ilipata sauti yake, kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1953, huko Kolwezi, Padre Placide Tempels, Mfransisko aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, alianza kukaa na wafanyakazi wa migodi na wake zao, akiwasikiliza. Ndipo ilipozaliwa Jamaa. Ugomvi uliofuata kati ya maaskofu na baadhi ya vikundi vyake wazee wenu wanaujua, sitauingia. Ninachotaka mkitazame ni hiki: katika Jamaa mume hakuweza kusonga mbele peke yake. Baba na mama waliingia pamoja, wakafundishwa pamoja, wakasikilizana. Neno uzazi, ambalo katika hesabu za kampuni lilikuwa idadi ya watoto kwenye mizani, huko lilikuwa na maana ya kumzaa mtu rohoni pia, na mama alizaa hivyo sawa na baba. Yote haya yalisemwa kwa Kiswahili, lugha ya kambi, na wanawake ambao shule iliwapita walisimama wakafundisha. Kati ya mambo yote yaliyoanzia kwenye vumbi la migodi yetu, hili kwangu ndilo zuri kupita mengine.

Uhuru ulipokuwa ukikaribia, karatasi ziliendelea kumsahau mama. Katika uchaguzi wa komini wa Desemba 1957, Elisabethville ilikuwa mmojawapo wa miji mitatu ya kwanza ya Kongo kupiga kura. Walipiga kura wanaume. Mwezi Mei 1960, wabunge wa kwanza wa Kongo huru walichaguliwa na wanaume. Sophie Kanza alikuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kumaliza chuo kikuu, mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri.

Kuna ukurasa mmoja katika riwaya ya Atwood ambao ningependa kila mvulana ausome mara mbili. Siku moja, kabla ya Gileadi kukamilika, wanawake wote wanafukuzwa kazi kwa saa chache, na fedha zao benki zinafungwa. Mali ya mke sasa ni ya mume wake. Msimulizi anarudi nyumbani akitetemeka. Mumewe, mtu mwema anayempenda, anamtuliza kwa kumwambia kwamba yeye atamtunza. Naye mke anahisi ubaridi moyoni, kwa kuwa anaona kwamba mume hakuumizwa na jambo lile kama yeye. Huenda hata, kwa sehemu ndogo sana, linampendeza. Huyo mume hana hatia ya kutunga sheria ile. Inamnufaisha tu.

Tafsiri ya Kifaransa ya kitabu hicho ilitoka mwaka 1987. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, ilitangaza Sheria ya Familia. Kifungu cha 444 kilisema mume ni kichwa cha nyumba na mke anapaswa kumtii. Kifungu cha 448 kilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa tendo lolote la kisheria linalomfunga kutoa huduma yeye mwenyewe. Kwa lugha ya kila siku: kuajiriwa, kutia sahihi mkataba, na katika ofisi nyingi hata kufungua akaunti ya benki, mwanamke mwenye ndoa aliambiwa alete karatasi ya mumewe. Mwanamke mwenye diploma, mwalimu wa watoto wa watu, alisimama mbele ya karani akiulizwa: bwana amekubali? Hali hiyo ilidumu miaka 29. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo iliyoondoa ruhusa hiyo. Walio na miaka ishirini leo walikuwa wamekwisha kuzaliwa, na mama zao walikuwa bado wakiomba. Mume amebaki kichwa cha nyumba katika maandishi, lakini sasa wote wawili wanaamua pamoja na kusaidiana.

Jambo la ajabu ni kwamba wakati sheria ile ilipokuwa na nguvu, maisha ya Lubumbashi yalikuwa yameipindua. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilianza kuanguka tangu mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990. Mishahara ilichelewa miezi, kisha miaka, posho ikaisha, mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi waliondolewa kazini kwa jina la kuondoka kwa hiari. Nani alilisha nyumba? Mama, kwa meza ya mkaa, kwa ndoo ya mafuta, kwa gunia la unga lililosafiri juu ya lori kutoka Kasumbalesa. Kisheria alihitaji ruhusa ya mtu ambaye yeye ndiye aliyemnunulia chakula cha jioni. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika historia ya familia za wafanyakazi hawa, na jina alilolipa kitabu chake latosha: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Sasa kuna sura ya mwisho ya riwaya, ambayo wasomaji wengi huiruka wakidhani ni nyongeza tu. Mwaka ni 2195. Gileadi imekwisha kupita. Wataalamu wa historia wamekutana katika chuo kikuu, na profesa mmoja anaeleza jinsi sauti ya mjakazi ilivyogunduliwa kwenye kanda za zamani. Ni msomi mwenye adabu. Anafanya mzaha kuhusu wanawake, watu wanacheka. Anataabika hasa kujua mkubwa yule alikuwa nani, na anasikitika kwamba mjakazi hakutuachia habari za ofisi yake. Mwanamke ameeleza mateso yake yote, na mwanahistoria anamlalamikia kwa kutomweleza mwanamume.

Mimi hujiuliza kama sisi si watu wa mkutano ule. Masimulizi yetu ya Katanga ni ya gavana, ya mkurugenzi, ya bei ya shaba, ya Moïse Tshombe na kujitenga kwa mwaka 1960. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha hapa, historia ya mji jinsi watumishi wa nyumba za Wazungu walivyoiona. Ni hazina, lakini ni hazina ya wanaume waliofanya kazi jikoni. Katika daftari za kampuni mwanamume ana namba, na mke yuko chini ya namba hiyo. Tangu mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi umewakusanya wenyeji ili wasimulie wenyewe, wanawake pia.

Aliyezaliwa kambini mwaka 1940 amepita miaka themanini. Yuko Kamalondo, yuko Katuba, yuko Ruashi, pengine yuko katika chumba cha nyuma cha nyumba yenu. Anajua nani alichagua mume wake, na fedha za mahari zilitoka mfukoni mwa nani. Anajua ilikuwaje kumpeleka mtoto kwenye mizani, alichoambiwa na sista, alichokitii na alichokikataa kimyakimya alipofika nyumbani. Anajua pia jina aliloitwa kwao, kabla hajaandikwa kuwa mke wa namba fulani.